Utafiti wa uzamivu kuhusu roboti za kuwasaidia wazee nyumbani: naomba ushauri kabla ya kuwasilisha andiko

Mtafiti wa Tengeru

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa andiko la utafiti kwa ajili ya shahada ya uzamivu katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela hapa Tengeru, na ningependa kuyapata maoni yenu kabla sijalifikisha kwa wasimamizi. Mada niliyoipendekeza ni roboti ya huduma yenye akili mnemba, itakayomsaidia mzee anayeishi au anayeshinda peke yake nyumbani: imkumbushe dawa, izungumze naye, itambue akianguka, imletee vitu vidogo na iwapelekee taarifa ndugu walio mbali.

Sababu za kuichagua ninyi wa huku mnazifahamu. Watoto wengi wa Arusha na Kilimanjaro wanafanya kazi Dar es Salaam, Mwanza au nje ya nchi, na nyumba za Machame na Marangu zinajaa watu Desemba, kisha kuanzia katikati ya Januari mzee anabaki na msaidizi wa kazi ambaye kwa umri ni mjukuu wake. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, ambayo inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, inaitegemea familia kuwa mhimili wa matunzo, ilhali familia yenyewe imetawanyika kuliko ilivyokuwa wakati sera hiyo inaandikwa.

Nimesoma habari za roboti Care-O-bot ya taasisi ya Fraunhofer huko Stuttgart, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1998 na la nne 2015, pamoja na PARO ya Japani yenye umbo la mtoto wa sili, na Hobbit iliyoundwa kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya. Maswali yangu ni haya. Je, mada ni pana mno? Ni kipi kitakachohesabiwa kuwa mchango mpya wa kitaaluma, nisije nikaishia kuunganisha vifaa ambavyo wengine wameshavibuni? Na je, mtu asiye na fedha za kununua hata mkono mmoja wa roboti anaweza kuifanya kazi hii kwa uaminifu?

Fundi wa Vihisi

Ndugu Mtafiti, hongera kwa hatua hiyo. Nitajibu nikiwa mhandisi wa mifumo hapa Sakina, Arusha, na sitazungumzia upande wa afya kwa kuwa wapo wanaoujua kunizidi.

Mada ni pana, tena sana. Umetaja kazi tano, na kila moja kati ya hizo inajitosheleza kuwa tasnifu. Hobbit uliyoitaja ni mfano mzuri wa kukutahadharisha, kwa sababu mradi ule ulikuwa na timu za vyuo na kampuni kadhaa, wakaiweka roboti katika nyumba 18 za wazee wa miaka 75 na zaidi nchini Austria, Ugiriki na Uswidi, kila nyumba siku 21, bila mhandisi kukaa sebuleni. Kazi ya kuokota kitu kilichoanguka sakafuni, ambayo wazee waliithamini, ndiyo pia iliyokuwa ngumu kuifanya iende sawasawa kila siku, na hitilafu za kiufundi zilijitokeza mara kwa mara. Ikiwa timu ile ilitokwa jasho kwenye sakafu za Vienna, mtu mmoja mwenye miaka mitatu au minne asiahidi kuleta vitu.

Suala la mwendo nalo linahitaji kutazamwa kwa macho makavu. Roboti nyingi za ndani hujichorea ramani kwa miali ya leza inayozunguka kwenye mstari mmoja, sentimita chache kutoka sakafuni, hivyo huiona miguu ya meza lakini hazioni ubao wake unaochomoza, na hazioni kabisa ngazi inayoteremka. Kamera za kupima umbali zinazotumia miali ya infraredi hulemewa na jua la moja kwa moja, na nyumba zetu mlango wa sebule huwa wazi mchana kutwa. Ongeza kizingiti cha saruji kati ya sebule na korido, zulia lililokunjamana, kuku waliojiingilia, na jiko lililo katika jengo la pembeni. Roboti ndogo za kufundishia kama TurtleBot hukwama kwenye kizingiti cha kwanza. Ukitaka utafiti wako uwe wa mwendo, basi uwe wa mwendo peke yake, na nyumba za aina hii ziwe ndilo tatizo lenyewe unalolichunguza.

Mimi ningekushawishi uende kwenye mazungumzo. Hapo ndipo kuna pengo ambalo mtu wa Stuttgart, au wa Tsukuba ilikobuniwa PARO, hatalifanyia kazi badala yako. Programu za kutambua usemi zinazokubali Kiswahili zipo, mojawapo ikiwa Whisper iliyotolewa 2022, na mradi wa Common Voice wa Mozilla una hazina ya sauti za Kiswahili zilizotolewa na watu wa kujitolea. Lakini angalia ni nani waliojitolea. Wachangiaji huruhusiwa kutaja rika lao, kwa hiyo kazi yako ya kwanza, ambayo haitakugharimu chochote, iwe kupakua data hiyo na kuona sauti za watu waliovuka miaka 60 ni sehemu gani ya jumla. Kisha rekodi wazee wa huku, ambao Kiswahili chao kimebeba lafudhi ya Kivunjo, Kimachame, Kimeru au Kimaasai, ambao baadhi hawana meno ya mbele, na ambao huanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa lugha ya nyumbani. Pima makosa ya programu kwa sauti hizo na kwa sauti za vijana wa eneo lilelile. Tofauti utakayoipata ni matokeo halali ya kisayansi hata kabla ya kuunda kitu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipuuza: mwisho wa kauli. Mifumo mingi huamua kwamba mtu amemaliza kusema baada ya ukimya mfupi, mara nyingi chini ya sekunde moja. Mzee anayetafuta jina la dawa yake hunyamaza zaidi ya hapo, na roboti itamkatisha kila mara. Kwa mila zetu hilo si kasoro ya kiufundi tu, bali ni utovu wa adabu, na mzee atakizima kifaa kabla ya jioni.

Juu ya hapo unaweza kujenga sehemu ya akili. Roboti haijui kama mzee amemeza dawa, amesikia akapuuza, au hakusikia kabisa. Inachokiona ni dalili zisizo kamili. Namna ya kuamua katika mashaka ya aina hiyo ilifanyiwa kazi zamani na watafiti wa vyuo vikuu vya Carnegie Mellon na Pittsburgh kwa roboti yao Pearl, waliyoijaribu katika makazi ya wazee huko Oakmont, Pennsylvania. Walitumia hesabu za uwezekano ili roboti iulize tena pale tu inapokuwa na shaka ya kutosha. Hata hivyo, moja ya kasoro za awali walizokutana nazo ilikuwa nyepesi kabisa kuieleza: roboti haikuweza kulinganisha kasi yake na mwendo wa mzee anayetembea na mkongojo.

Mfiziotherapia, Moshi

Nimesoma maelezo ya Fundi kwa makini na sina ugomvi nayo, ila nadhani Mtafiti amejibiwa swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni hili: mzee huyo ni nani? Katika andiko lako neno wazee linamhusu mwalimu mstaafu wa Njiro mwenye shinikizo la damu anayesoma gazeti bila miwani, na papo hapo linamhusu bibi wa Uru aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Mahitaji yao hayafanani hata kidogo. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Hai na kuchapishwa 2013 uliwachunguza watu wa miaka 70 na zaidi, na makadirio yake yalikuwa kwamba asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wengi wa watu wa namna hiyo hawajawahi kupewa jina la ugonjwa wao na daktari, kwani nyumbani husemwa kuwa ni uzee tu. Ukiingiza roboti inayozungumza katika nyumba ya mtu ambaye kumbukumbu zake zinapotea bila kulijua hilo, hutafahamu kama imeshindwa roboti au ni ugonjwa.

Kuhusu kuanguka, naomba uliondoe katika orodha, angalau kwa sasa. Wagonjwa ninaowapokea huniambia walianguka kwenye njia ya chooni usiku, kwenye mteremko wa kihambani, yaani shamba la nyumbani, wakati wa mvua, au walipokuwa wakikata majani ya ng'ombe. Roboti inayozunguka sebuleni haitayaona hayo. Taa ya sola nje ya mlango na kishikio cha bomba ukutani vitafanya zaidi, kwa fedha ambazo familia inazo.

Hilo linanifikisha kwenye swali ambalo mtahini yeyote mwenye akili atakuuliza: kwa nini roboti? Kumkumbusha mzee dawa kunawezekana kwa simu ya kitochi, kwa redio, kwa jirani. Wanasayansi wa PARO walikutana na swali hilohilo na wakalijibu kwa njia ninayokushauri uiige. Huko Queensland, Australia, ulifanyika utafiti wa washiriki 415 wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu katika vituo 28 vya kulelea wazee. Kundi moja lilipewa PARO inayofanya kazi, kundi la pili likapewa PARO ileile ikiwa imezimwa, yaani mwanasesere laini asiyeitikia chochote, na kundi la tatu likaendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kuwa waliopewa roboti iliyo hai waliitazama na kuizungumzisha zaidi kuliko waliopewa mwanasesere, lakini faida katika hali ya moyo na fadhaa ilijitokeza walipolinganishwa na kundi la huduma ya kawaida. Unaona uzito wake? Bila lile kundi la katikati, kila faida ingehesabiwa kuwa ni ya mashine.

Kwa hiyo weka kundi la katikati katika andiko lako. Maneno yaleyale, sauti ileile, lakini kwa wengine yatoke kwenye spika iliyokaa juu ya kabati na kwa wengine yatoke kwenye roboti yenye kichwa kinachogeuka kumtazama mzee. Ikiwa kichwa hicho hakiongezi kitu, Tanzania itakuwa imeokoa fedha nyingi, na wewe utakuwa na tasnifu.

Binti Mkubwa wa Machame

Mimi si msomi wa mambo haya, ila ninamtunza mama yangu mzazi kwa mbali, nikiwa Arusha mjini na yeye akiwa kijijini na dada wa kazi. Ningependa kuuliza jambo ambalo sijaona likitajwa: roboti hiyo itakuwa inamtumikia nani?

Mtafiti ameandika kwamba itawapelekea taarifa ndugu walio mbali. Nikisema kweli, ningeitaka taarifa hiyo kila asubuhi. Ningetaka kujua kama mama amekula na kama amemeza vidonge vya presha. Lakini namfahamu. Mama huwa hasemi kama anaumwa, kwa sababu hataki tuache kazi zetu na hataki kuhamishiwa mjini. Siku akigundua kwamba kile kidude kinatupelekea habari zake, atakifunika kanga. Na dada wa kazi naye ataona kimeletwa kumchunga yeye, na pengine hatakuwa amekosea kufikiri hivyo. Watu watatu, mashine moja, na kila mmoja anaitaka kwa sababu yake. Ninyi wenye elimu mnalipangaje hilo?

Pia, iwapo itazungumza, tafadhali ianze kwa shikamoo na isubiri kuitikiwa. Kifaa kinachomwambia mama yangu "meza dawa sasa" hakitafika jioni, kama alivyosema ndugu hapo juu.

Mtafiti wa Tengeru

Nawashukuru sana wote, na kipekee Binti Mkubwa wa Machame, kwa kuwa swali lake limenifanya nisome upya ukurasa wangu wa malengo. Nimeondoa kuleta vitu na kutambua kuanguka. Ninachobaki nacho ni mazungumzo ya kumkumbusha dawa mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari, asiye na dalili za kupoteza kumbukumbu, nikilinganisha roboti ndogo ya mezani yenye kichwa kinachogeuka na spika ya kawaida, zote zikitumia sauti na maneno yaleyale.

Yamebaki mawili. Kwanza, je, ninaweza kuanza kukusanya data kabla programu yangu ya kutambua usemi haijawa tayari, au ni lazima kila kitu kikamilike ndipo niende kwa wazee? Pili, suala la taarifa kwa familia: niliache kabisa, au nilifanye kuwa sehemu ya utafiti?

Msomaji wa Maandiko

Nimewahi kukaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti, kwa hiyo nitajibu nikiwa upande wa meza ambao wanafunzi hawaupendi.

Unaweza kuanza mapema. Ipo mbinu ya miaka mingi katika fani hii ambapo mtafiti hukaa chumba cha pili na kuiongoza roboti kwa siri, akisikiliza na kuchagua jibu litakalotamkwa, huku mshiriki akiamini kwamba mashine inaongea yenyewe. Ina manufaa makubwa kwako, kwa sababu itakupatia rekodi za namna wazee wanavyozungumza na roboti hasa, ambazo si sawa na rekodi za wazee wakisoma sentensi kwenye karatasi. Lakini ni udanganyifu, na lazima uiite hivyo katika andiko. Kamati itataka kujua ni lini utamweleza mshiriki ukweli, kwa maneno gani, na kama atakuwa na haki ya kuiondoa sauti yake baada ya kuelezwa. Wanafunzi wengi huandika aya ndefu kuhusu usalama wa betri na nusu mstari kuhusu jambo hili. Kiwango cha ISO 13482 cha 2014 kinachohusu roboti za huduma binafsi kitakusaidia kwa upande wa betri, kingo kali na mwendo. Hakitakusaidia kwa upande wa kuaminiana.

Suala la familia usiliache. Kwa maoni yangu ndilo jambo jipya zaidi lililosemwa katika mada hii yote. Amanda na Noel Sharkey, waliochambua maadili ya roboti za wazee katika makala yao ya 2012, walitaja miongoni mwa hofu zao kupungua kwa mguso wa wanadamu, kupotea kwa faragha, na kupungua kwa uhuru wa mzee. Lakini mjadala huo uliandikwa Uingereza, ambako mzee hufikiriwa kwanza kuwa mtu mmoja mwenye mlango wake. Hapa mzee ana watoto, wifi, jirani na dada wa kazi, na uamuzi kuhusu dawa yake mara nyingi hupitia kwa mtoto anayelipa. Wahoji watu wote watatu aliowataja Binti Mkubwa, kila mmoja peke yake, uwaulize roboti iruhusiwe kumwambia nani nini. Kisha mtengenezee mzee namna ya kuikataza kwa sauti yake mwenyewe, kwa sentensi ya kawaida kama "hili usiwaambie watoto", na upime ni mara ngapi anaitumia. Hicho ni kipengele cha programu na papo hapo ni swali la kijamii.

Upande wa sheria ni mfupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, hivyo ridhaa iwe ya maandishi. Kwa mzee asiyesoma, awepo shahidi aliyemchagua yeye, na asiwe mtoto anayelipia matibabu. Kama utautumia mtandao kuituma sauti nje ya nchi kwa ajili ya kuchakatwa, sema hivyo waziwazi katika fomu. Bora zaidi, ichakate humohumo ndani ya kifaa. Ukishaufafanua utafiti kama wa afya, utahitaji kibali cha maadili cha ngazi inayotambuliwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na vibali huchukua muda kuliko wanafunzi wanavyopanga. Peleka maombi kabla hujamaliza kuunda kichwa kinachogeuka.

Fundi wa Vihisi

Naongeza moja la vitendo, kwa kuwa Msomaji ameshauri uchakataji ufanyike ndani ya kifaa. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inaweza kuendesha matoleo madogo ya Whisper, ingawa hujibu kwa kuchelewa, na matoleo madogo ndiyo yanayokosea zaidi kwa Kiswahili. Utalazimika kuchagua kati ya kasi na usahihi, na uchaguzi huo nao uupime mbele ya wazee wenyewe. Usiridhike na kupima kwenye meza ya maabara. Weka pia betri ya akiba, maana umeme ukikatika saa ya dawa mfumo mzima umekosa maana.

Na rekodi zako usizifanye zote miezi ya Julai na Agosti. Nyumba nyingi za huku hazina dari, na mvua ya masika ikipiga bati, mikrofoni haisikii kitu kingine. Nenda na mikrofoni za aina mbili Aprili: moja ya mezani, nyingine ya kubana kwenye nguo ya mzee. Ile ya mezani ikishindwa, itabidi muundo wa roboti yako ubadilike, na ni afadhali ulijue hilo katika mwaka wa kwanza.